Bao, dhumna, karata au simu: mchezo gani umfae mzee wako?

Baba aliacha shamba kwa sababu ya goti. Alikuwa na miaka 72. Karafuu zake kule Konde zikawa zinachumwa na wengine, na yeye akabaki kibarazani kwetu Wete, Pemba, kutwa nzima na redio. Haikutimia miezi minne akaanza kuuliza neno moja mara tatu katika asubuhi moja. "Mwanangu, yule fundi wa mfereji keshakuja?" Keshakuja Baba, tangu jana. Baada ya chai anauliza tena.

Kaka zangu walioko Unguja walipopata habari wakaleta simu yenye kioo kikubwa, imeshatiwa programu ya michezo ya ubongo. Mimi ndiye ninayekaa naye, na mimi ndiye niliyeona jinsi simu ile ilivyopokelewa, nitakuja kuieleza. Baada ya hapo tukajaribu bao, dhumna, karata, drafti na hata keram. Imekuwa miaka miwili sasa. Majirani wenye wazee huniuliza wanunue nini, nami nimeona niweke michezo hii ubavu kwa ubavu ili kila mmoja apime kwa mzee wake. Wazee hawafanani, na kilichomfaa Baba hakikumfaa Mama hata kidogo.

Kwanza tuelewane juu ya kinachotarajiwa. Mwaka 2003 jarida la madaktari la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha uchunguzi wa wazee 469 wa Bronx, New York, wote waliopita miaka 75, waliofuatiliwa kwa kiasi cha miaka 5. Waliozoea kusoma, kucheza michezo ya ubaoni na karata, kupiga ala za muziki au kucheza dansi walionekana kupatwa kwa uchache zaidi na yale maradhi ya kupoteza kumbukumbu yanayoitwa dimenshia. Ni habari njema, lakini ina kona yake: mtu ambaye akili yake imeshaanza kuchoka huacha mchezo kabla hata jamaa hawajamgundua, kwa hiyo huwezi kusema moja kwa moja kwamba mchezo ndio uliowakinga wenzake. Anayekuuzia mchezo kama dawa anakudanganya. Mimi nilitaka Baba awe na jambo la kumfanya afikiri kila siku, na watu wa kufikiri nao.

Basi nikawa naangalia mambo haya: kichwa kinafanya kazi gani, macho na mikono vinamudu, wachezaji wanapatikana, na fedha kiasi gani. Jambo la mwisho nilichelewa kulijua, na sasa ndilo ninalolitanguliza: siku mzee asipotokea, kuna mtu atakayekuja kumgongea?

Bao na dhumna

Nianze na bao, kwa kuwa ndilo ambalo kila mtu hulitaja kwanza. Bao letu lina safu 4 za mashimo 8, na kete zake ni 64. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni, yaani 6 kwenye nyumba, lile shimo la mraba, na mbili mbili katika mashimo mawili ya pembeni yake, na 22 anabaki nazo mkononi. Hizi 22 ndizo za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja kwa kila zamu, mpaka ziishe mwingie kwenye mtaji, mcheze kwa zilizoko ubaoni tu. Ukila kete za mwenzako unazipeleka kichwani kwako, yaani shimo la mwisho la safu yako ya mbele, kulia au kushoto, unazigawa moja moja, na ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete unazoa tena na kuendelea. Shimo moja linaweza kukuzungusha mpaka mwenyewe ushangae umefika wapi.

Ndiyo maana sijaona mchezo unaokishughulisha kichwa kama bao. Kabla ya kugusa kete unatakiwa uwe umeshaiona safari yote: nikizoa hapa zipo 5, ya mwisho inalala pale, pale pana 3, inaendelea, inafika nyumbani, je, nilale hapo au niivunje nyumba, nizigawe kete zake? Mtafiti wa Kiholanzi Alex de Voogt alikuja Zanzibar miaka ya 1990 kuwachunguza mafundi wa bao, akaandika tasnifu nzima mwaka 1995 juu ya namna akili zao zinavyohesabu. Wazee wetu wa barazani walikuwa somo la chuo kikuu.

Kwa Baba, ambaye alicheza ujanani, mikono ilikumbuka kabla ya kichwa. Nilimtazama siku ya kwanza: akachota kete kwa vidole vitatu, akazimwaga moja moja bila hata kutazama chini, tik, tik, tik, kisha akasita kwenye shimo la sita. Mkono ukabaki hewani. Alikuwa amesahau anaelekea wapi. Mwenzake, mzee wa rika lake, akanyamaza akamngoja, na Baba akaendelea. Kungoja kule ndiko kulikomrudisha siku ya pili.

Ubaya wa bao ni kwamba halina bahati. Aliye hodari atakupiga, na kesho atakupiga tena. Kuna kijana mmoja alimfunga Baba mkononi mara mbili kwa alasiri moja, yaani hata kete za kunamua hajazimaliza, na wiki nzima Baba hakutaka kusikia habari ya bao. Wanaotazama nao wana ndimi. Kwa hiyo kama mzee wako hakuwahi kulicheza, usimwanzishe na bao kubwa akiwa na miaka 70. Lipo bao la kujifunza, ambalo kete zote zinapangwa mbili mbili kila shimo tangu mwanzo na hakuna kunamua. Hilo hata mjukuu wa miaka 8 analiweza, na babu na mjukuu wanaweza kulisoma pamoja. Gharama si kisingizio: bao la kuchonga lina bei yake, lakini mashimo yanachimbika hata ardhini chini ya mwembe, na komwe unaziokota kwenye mikomwe ya pwani.

Dhumna ni habari nyingine kabisa. Kete 28, watu 4, wawili kwa wawili, kila mmoja na kete zake 7. Sheria zake mtu anazishika kwa siku moja, na ndani yake mna bahati: hata aliyechoka akipangiwa vizuri anashinda. Watu wa bao huidharau kwa hilo. Mimi naona hapo ndipo ilipo faida yake, kwa sababu mzee anayeshinda mara moja moja anarudi.

Na wala si mchezo wa kitoto. Kila namba iko kwenye kete 7, na mchezaji mzuri anazihesabu zinavyotoka. Jioni moja, karibu na mwisho wa mchezo, nilimsikia Baba akinong'ona, "Tano zimetoka sita. Mimi sinayo, mwenzangu kapita. Iko kwa mmoja wenu." Huyu ndiye aliyeniuliza habari ya fundi wa mfereji mara tatu! Alikuwa anakumbuka kilichotoka, nani alipita na kwenye namba gani, na kutokana na hayo anakisia kilichofichwa. Tena anafanya hivyo huku watu wanabishana habari za mpira na bei ya pweza, na kete zinapigwa mezani kwa kishindo.

Ukienda Jaws Corner, Mji Mkongwe, utawaona wazee kwenye mabao na dhumna huku kahawa inapita, na huku Wete na Chake Chake kila mtaa una baraza yake ya namna hiyo. Tofauti kubwa niliyoiona ni hii. Bao ni la wawili. Asipokuja mmoja, mwengine anapata wa kucheza naye katika wale waliosimama. Dhumna ni ya wanne. Siku Baba alipojilaza kwa uvivu wa mvua, saa kumi na nusu tukasikia hodi. Kijana wa duka la pembeni. "Babu yupo? Tumepungua mmoja." Baba akainuka, akavaa kofia yake, akaenda. Wala goti hakulitaja.

Kwa hiyo kati ya hivi viwili, bao nampa mzee aliyekuwa nalo tangu zamani na mwenye mwenzake wa kiwango chake. Dhumna nampa mwengine yeyote, na zaidi yule aliyeanza kujitenga. Tahadhari moja tu, nayo ni sukari. Kahawa chungu haina neno, lakini kashata tatu kila jioni kwa mwenye kisukari ni balaa, na barazani hakuna anayezihesabu.

Karata, drafti na keram

Karata zina mizizi mirefu kwetu kuliko wengi wanavyodhani; hata majina ya rangi zake, shupaza, kopa, uru na pau, tumeyapata kwa Wareno. Kwa mzee ningechagua wahed wasitini. Jina lenyewe ndiyo hesabu ya ushindi, 61, kwa kuwa pointi za mchezo wote ni 120 na atakayepita nusu ndiye mshindi. Unajumlisha huku unacheza, unakumbuka turufu ngapi zimeshatoka, unasoma uso wa mwenzako. Kwa kumbukumbu iko sawa na dhumna, kwa hesabu imeizidi.

Kinachoiangusha ni mikono. Karata hushikwa kwa upepeo, na mzee mwenye mtetemeko au baridi ya viungo zinamponyoka, zinaonekana, anaona haya. Tulimtengenezea jirani yetu kipande cha ubao kilichochimbwa mfereji mwembamba, anazisimamisha humo mbele yake. Kazi ya nusu saa kwa seremala. Pia ziko karata zenye maandishi makubwa. Hizo ndizo za kununua.

Halafu kuna suala la dini, na tusiliruke. Wapo wazee ambao karata kwao ni kamari hata kama hapana senti mezani, na wapo wengi zaidi ambao hawagusi mchezo wowote wenye dadu, ludo ikiwemo. Usimlazimishe wala usimjadili. Bao na dhumna kwa kawaida hazina mgogoro huo, mradi hapawekwi fedha.

Drafti ni nyepesi kuipata: ubao wenye miraba na vizibo vya soda, basi. Inafundisha kuona hatua mbili mbele. Ila kama bao, anayejua zaidi hushinda kila mara, na haina ule mzunguko wa hesabu unaolifanya bao liwe tamu. Inawafaa marafiki wawili wasiopenda makelele. Keram, ya kusukumia kete mashimoni kwa kidole, ni nzuri kwa vidole na shabaha, lakini inataka kuinama, na mgongo wa Baba ulikataa siku ya kwanza. Niliishia hapo.

Simu

Kaka zangu walinunua kwa mapenzi, na sitaki mtu awalaumu. Lakini michezo ile ilikuwa na maandishi ya Kiingereza, saa inayokimbia pembeni, na kila baada ya dakika mbili linaruka tangazo la kubashiri mpira. Baba alikuwa anabonyeza tangazo akidhani ndio mchezo. Kisha programu inamwonesha alama zake, chini ya wastani. Aliniambia, "Hii simu inanambia mimi mjinga." Nikaiondoa siku ileile.

Nje ya nyumba yetu, ushahidi wa michezo hii ni wa kuangaliwa kwa makini. Januari 2016 kampuni ya Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 kwa mamlaka ya biashara ya Marekani kwa sababu ya matangazo yaliyodai kwamba michezo yake inazuia akili kuzorota. Uchunguzi mkubwa uliowahusisha wazee 2,832 wa nchi hiyo, matokeo yake ya kwanza yakatoka mwaka 2002, ulionesha kwamba aliyefunzwa kukumbuka aliimarika katika kukumbuka, na aliyefunzwa kufikiri kwa mantiki akaimarika huko, lakini ustadi haukuhama kutoka upande mmoja kwenda mwengine. Kwa haki niongeze kuwa kundi lililofunzwa wepesi wa kuona na kutambua vitu kwenye kompyuta lilionesha dalili nzuri miaka 10 baadaye. Hayo yalikuwa mafunzo yaliyosimamiwa na wataalamu, si programu yoyote utakayoipakua.

Na kuna fedha. Programu nyingi za ubongo hutoza kila mwezi. Pencheni jamii yetu ilipoanza Aprili 2016 ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyefikia miaka 70. Imepanda tangu hapo, lakini bado si fedha ya kugawana na kampuni ya Marekani.

Simu namwekea nani? Mzee asiyeweza kutoka kabisa, ambaye macho yake yanamudu, na ambaye kuna mtu wa kukaa naye akicheza. Huyo mtafutie dhumna au bao la kwenye simu, mchezo anaoujua tayari, uzime sauti na intaneti ili matangazo yasimwingilie. Sisi simu ile tumeigeuza kazi: Baba anaonana na kaka zangu kila usiku, na wao humuuliza nani kashinda leo. Kwa kuwa anajua ataulizwa, anakumbuka.

Mama

Hayo yote ya barazani ni ya wanaume. Mama hawezi kwenda kukaa kwenye dhumna ya mtaa, na wala hataki. Nilimletea kitabu cha maneno mtambuka, nikajiona nimefanya jambo. Akakifungua, akakifunga kwa adabu. Elimu bure ilipotangazwa mwaka 1964 yeye alikuwa keshakuwa mkono wa kulia wa bibi yangu jikoni. Amesoma chuoni, yaani madrasa, Kurani anaisoma vizuri sana, lakini herufi za Kirumi zinamchosha. Mchezo wa kusoma ungekuwa mtihani kila siku.

Chake kilikuwa kinywani. Usiku mmoja umeme umekatika, wajukuu wanalalamika, akasema tu gizani, "Kitendawili!" Watoto, "Tega!" "Popo mbili zavuka mto." Wakakisia ndege, wakakisia mitumbwi. "Nipeni mji." Wakampa Chake Chake, akaukataa, wakampa Unguja yote. "Nilikwenda Unguja nikala nikashiba, nikarudi. Macho!" Kisha akatoa chengine, na chengine, mpaka nikapoteza hesabu. Baadhi yake nilikuwa sijavisikia tangu nikiwa mdogo, na naamini na yeye pia.

Tangu hapo tumeweka kanuni: kila usiku Mama atoe vitatu, na kimoja kiwe kipya, cha kutunga mwenyewe. Kukumbuka kitendawili cha zamani ni kazi moja. Kutunga kipya, utafute kitu kinachofanana na kitu, ni kazi nyingine ngumu zaidi. Havihitaji macho, havihitaji mikono, havihitaji senti, na mwenye miaka 6 na mwenye miaka 70 wanakutana humo bila mmoja kumhurumia mwenziwe. Kwa mzee aliyepofuka au aliyelala kitandani, ndivyo ninavyovitanguliza kuliko vyote. Wanawake wa mtaani kwetu wanaosuka ukili hutegeana huku wanasuka, na kuhesabu majani yanayosukwa kwenye ukili wa rangi nako kunakifanyia kichwa kazi yake.

Kabla hujanunua chochote

Kuna kosa tulilolifanya ambalo sitaki mwengine alifanye. Mwaka jana Baba akaanza kuharibu dhumna: anaweka tatu penye tano, wenzake wanamrudisha, anakasirika. Tukasema basi, kichwa kimekwenda. Nilimpeleka kituo cha afya, wakaniambia ni uzee, tukarudi. Miezi miwili baadaye mtu mwengine alimmulika machoni akaona mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikuwa hasahau, alikuwa haoni. Jicho moja limeshafanyiwa upasuaji, na sasa anasoma kete kutoka upande wa pili wa meza.

Kwa hiyo angalia macho, na angalia masikio, kwa maana asiyesikia barazani hujitenga polepole na watu wakadhani kapumbaa. Jopo la wataalamu la jarida la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimenshia ambayo mtu anaweza kuyafanyia kitu, wakakadiria kwamba kwa pamoja yanahusika na takriban asilimia 45 ya wagonjwa. Miongoni mwake yamo shinikizo la damu, kisukari, uziwi usiotibiwa, uoni hafifu usiotibiwa na upweke. Mchezo unagusa hilo la mwisho. Mengine yanataka kipimo.

Na mzee anayepotea njia ya nyumbani kwake, au anayesahau sheria za bao alizozicheza miaka 50, au aliyebadilika tabia ghafla, huyo msimtafutie mchezo. Mpelekeni kwa daktari, na mkijibiwa kwamba ni uzee tu, mpelekeni kwa mwengine.

Kwetu imekaa hivi: Baba ana dhumna baina ya alasiri na magharibi, na Ijumaa baada ya sala anacheza bao na yule mzee aliyemngoja siku ile. Mama ana vitendawili vyake baada ya isha. Bado Baba huuliza jambo mara mbili. Mara tatu, si kama zamani.

Ukienda kumwombea mzee wako nafasi barazani, nenda mwenyewe kwanza, alasiri, bila yeye. Tazama nani anacheka anapokosea mwenzake na nani anangoja. Mfuate huyo anayengoja, mwambie baba atakuja kesho, umwoneshe na nyumba yenu ilipo, ili siku wakiwa wamepungua mmoja ajue pa kupiga hodi.